Kitambaa cha Beseni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, katikati ya kipindi changu na kidato cha pili. Nilikuwa nafundisha ngeli ya U-ZI. Matone ya kwanza yalipogonga bati, darasa zima liligeuka kutazama ukuta. Hawakutazama dirisha. Nami nikatazama. Kisha nikakohoa kidogo, nikaendelea. Kitabu kinatoa mfano wa ukuta na kuta. Mimi niliwapa ufunguo na funguo.

Watu wengine wakisikia mvua hukimbilia kuanua nguo. Shuleni kwetu tunatazama kuta. Mwaka jana, msimu kama huu, ukuta wa maktaba ulimwangukia binti wa darasa hili hili akiwa amekaa chini yake anasoma. Tulimwita Kinanda, maana hakuweza kufanya zoezi bila kuvumisha wimbo huku mdomo ameufumba. Nilikuwa namgombeza kila siku. Tume ikaja, ikapima, ikanywa soda, ikasema ni mvua. Mvua haijitetei, kwa hiyo mambo yakaishia hapo.

Asubuhi wakipanga mstari, wenzake bado wanaacha nafasi yake. Hakuna aliyewaagiza.

Jumatano, 5 Machi

Mkuu wa shule ameniita ofisini. Umekuja waraka: kila shule iunde klabu ya vijana ya kupambana na rushwa.

"Mwalimu, wewe ndiye mwenye maneno," aliniambia huku akifuta miwani kwa tai. "Bango moja, ngonjera moja, mgeni rasmi anapiga makofi, tunarudi kwenye masomo."

"Na wakiuliza maswali?"

"Wafundishe yale yenye majibu."

Nimekubali ili nitoke mle ndani. Mkuu ni mtu wa funika kombe mwanaharamu apite, nami leo sikuwa na nguvu za kufunua.

Jumanne, 11 Machi

Klabu imekutana mara ya kwanza. Wamekuja wengi kuliko nilivyotarajia, nusu yao wakiikimbia mvua tu. Niliwauliza rushwa ni nini. Wakajibu kwa pamoja, kwa sauti ile ya kukariri: "Rushwa ni adui wa haki!" Nikauliza, je, nyumbani kwenu umewahi kumsikia mtu akisema "nipe rushwa"? Wakatazamana.

"Basi," nikasema, "hakuna anayeomba rushwa. Watu wanaomba kitu kingine, na hicho kitu kingine kina jina. Nendeni mkasikilize. Kila mmoja aniletee neno moja tu kwenye kipande cha karatasi. Sitaki jina la mtu."

Nilijiona nimepata. Waraka haukuwa na somo kama hilo.

Wakili akanyoosha mkono. Tunamwita hivyo kwa ubishi wake. Hata ukimwambia leo ni Jumanne atataka ushahidi. Alikuwa rafiki wa Kinanda, dawati moja. Baba yake ndiye mkandarasi aliyejenga maktaba, na ndiye aliyejenga jengo la maabara ambako kidato cha pili wanasomea sasa. Tangu mwaka jana hakuna anayekaa naye. Hawamtukani wala hawamsukumi. Wanakaa mbali naye tu, na yeye hajawahi kulalamika.

"Mwalimu, hapo si tutakuwa tunawachongea wazazi?"

"Unaleta neno, huleti mzazi."

"Neno lina mwenyewe, Mwalimu."

Nikamwambia akae chini. Namna anavyoniangalia baada ya kukaa chini inanichosha kuliko maswali yake.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Nguo hazikauki, madaftari yananuka ukungu.

Jumapili, 16 Machi

Nimekula mchana kwa kaka. Ni mkaguzi wa majengo halmashauri, na ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki. Mama anaishi kwake, katika nyumba nzuri yenye paa ambalo mvua ikinyesha husikii kitu.

"Karibu, mpambanaji!" alinipokea mlangoni. "Leo nikiongeza nyama kwenye sahani yako utaniandikia ripoti?"

"Inategemea ni vipande vingapi."

Alicheka mpaka akakohoa. Hakuna anayenichekesha kama kaka. Tangu utotoni ndivyo tulivyo.

Mvua iliponyesha tukakumbuka nyumba ya zamani. Ilivuja juu ya mkeka wetu. Mama aliweka beseni, na matone yakawa yanalia ndani ya beseni, ti, ti, ti, hatulali. Basi mama akatandika kitambaa ndani ya beseni. Paa likaendelea kuvuja lakini sauti ikafa, tukalala. Kaka akakifanya kitambaa kuwa neno letu. Nikililia viatu ananipa peremende: "Hicho kitambaa chako, nyamaza." Jirani akija kulalamika, kaka anamnong'oneza mama: "Mtandikie kitambaa." Ulimwenguni kote ni sisi watatu tu tunaolisema neno hilo kwa maana hiyo.

Mama alikuwa anamenya chungwa. Alisema, "Nyie watoto mnakumbuka vitu vya ajabu."

Mwaka jana, ukuta ulipoanguka, nilimuuliza kaka ni nani aliyeupitisha. Akasema ni mwenzake, ameshastaafu. Nilishukuru Mungu kwa jibu lile.

Jumanne, 18 Machi

Wameleta maneno.

Nilifungua karatasi moja moja na kuandika ubaoni. Chai. Soda. Nauli. Maji ya kunywa. Vocha. Kitu kidogo. Mafuta ya kulainisha. Ya watoto. Mmoja alileta "sabuni", na kijana wa nyuma akadakia, "Ndiyo, ya kunawa mikono!" Wakacheka wote. Mwingine aliandika "heshima", na hapo hawakucheka. Msichana mmoja alisema taratibu, "Mwalimu, yote ni maneno mazuri." Nilifurahi. Nilijiona mwalimu kweli.

Karatasi iliyofuata ilikuwa na neno moja kwa mwandiko ninaoujua, mwandiko unaolalia nyuma kama mtu anayekataa kusukumwa: Kitambaa.

Nililisoma. Nikalisoma tena. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hii haisomeki," nikaikunja na kuitia mfukoni. Nikafungua nyingine. Ilikuwa "chai" tena.

Niko nyumbani sasa. Karatasi iko mezani. Nasikia tone linadondoka mahali, na sioni ni wapi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepanda juu ya kiti na kupapasa dari lote. Kavu. Bomba la jikoni kavu. Tone bado nalisikia.

Ijumaa, 21 Machi

Wakili amenifuata chumba cha walimu. Nilikuwa peke yangu, nikijidai nasahihisha.

"Mwalimu, mbona neno langu hukuliandika?"

"Lipi?"

"Mwalimu." Alisema hivyo tu, kama mama anayemwambia mtoto aache mchezo.

Nikamuuliza alilisikia wapi. Akasema baba yake alikuwa akiongea na simu, anacheka. Anasema kuna mkaguzi mmoja ana mbwembwe, ukimwambia chai anakasirika, yeye anataka iitwe kitambaa. Hapo maktaba ilikuwa inapigwa rangi. Akalisikia tena walipomaliza maabara.

"Nilidhani ni neno la kawaida kama soda," alisema. "Sasa ulivyolificha ndiyo nimejua lina mwenyewe."

"Nenda darasani."

Hakwenda. "Unamjua?"

"Nimesema nenda darasani!"

Sauti yangu ilisikika mpaka uani. Akaenda. Nimeona aibu hadi masikio yamewaka moto. Mimi ndimi niliyewaambia wakasikilize. Aliyesikiliza vizuri kuliko wote nimemfukuza.

Nimeandika haya yote na bado sijaandika jambo lenyewe. Haya: kaka yangu ndiye aliyeupitisha ukuta uliomuua Kinanda. Alinidanganya. Na ndiye aliyelipitisha jengo ambalo watoto wangu wanasomea, lililojengwa na mkono ule ule. Nampenda, na sijui hilo nalo niliweke wapi.

Jumatatu, 24 Machi

Kwenye ukuta wa maabara, kando ya ubao, kuna ufa. Ulikuwa mwembamba muhula uliopita, sasa kidole changu cha mwisho kinaingia. Leo nimekuta umefunikwa. Mkuu ameagiza bango la klabu libandikwe hapo: RUSHWA NI ADUI WA HAKI, herufi nyekundu, vijana wamechora kwa bidii kweli.

"Si pametulia sasa?" alisema. "Ile alama ilikuwa inawatia watoto hofu."

Zamani nilidhani ni mnafiki. Leo nimeona ni mwoga, na nimemwelewa kuliko nilivyopenda, kwa sababu mimi nina karatasi mfukoni na yeye ana bango ukutani.

Jumanne, 25 Machi

Nimeahirisha klabu. Nimewaambia ninaumwa.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua usiku kucha. Darasani, wakiandika insha, nilimsikia Kinanda akivumisha wimbo wake. Nikasema kwa ukali, kama zamani, "Kinanda, kelele!"

Kalamu zote zikasimama.

Aliyekuwa akivumisha ni Wakili. Amejifunza wimbo wa rafiki yake. Alisema, "Samahani, Mwalimu," akanyamaza. Nilitamani aendelee.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda kwa kaka. Nilimkuta barazani akibandika soli ya kiatu cha mama. Fedha anazo za kununua viatu kumi, lakini mama hataki kipya, basi kaka anakaa na gundi. Nilitaka kugeuka nirudi.

Nikampa karatasi. Akaisoma. Akaendelea kupaka gundi.

"Nani ameandika?"

"Mwanafunzi."

"Binti wa mkandarasi." Akatikisa kichwa. "Yule bwana nilimwambia afunge mdomo."

Hivyo tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana, kwa hasira, kwa kiapo. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu anayepaka gundi.

"Kaka, yule mtoto alikufa."

"Mdogo wangu, mvua ilizidi. Hata wewe ulisoma ripoti. Nondo zilipungua, ndiyo, saruji ilipungua kidogo. Mji huu majengo mangapi yako hivyo na yamesimama? Mimi nisingepitisha, angepitisha mwingine."

"Ulisema alikuwa mwenzako aliyestaafu."

"Nilitaka ulale."

Nikasema nitakwenda kusema. Hapo ndipo aliponitazama. "Kusema wapi? Kwa nani? Mama atakaa wapi? Na wewe chuo ulisomeshwa na nini, kwa mshahara ule wa halmashauri?" Hakupaza sauti. Aliongea kama anayenikumbusha kufunga mlango. Nikaichukua karatasi, nikaondoka.

Nilipofika getini akaniita. Nikageuka. Nilidhani ataomba msamaha, na Mungu anisamehe, ningempa.

"Sikiliza," alisema. "Mvua hizi, wewe usisimame upande wa ubao."

Jumatatu, 31 Machi

Imenyesha tangu alfajiri, mvua ile ya mfululizo isiyo na radi wala hasira. Nilikuwa na kidato cha pili vipindi viwili. Nilifundisha methali. Niliongea, nikauliza, nikajibiwa, nikatembea kati ya madawati. Mambo yalikwenda sawa.

Wakili akanyoosha mkono.

"Mwalimu, leo mbona unafundishia nyuma?"

Nikajitazama. Mgongo wangu ulikuwa umegusa mlango wa nyuma. Sikuwa nimeandika ubaoni hata neno moja. Mbele yangu walikaa watoto wote, na wale wa dawati la mbele wangeweza kunyoosha mkono na kuligusa bango.

Sijui nimekaa vile muda gani. Kaka alinipenda, akaniambia mimi peke yangu, nami nikalichukua pendo lake na kujificha nalo nyuma ya watoto. Sikupanga. Miguu ilijipeleka yenyewe, na hicho ndicho kilichonitisha.

"Tokeni," nikasema.

"Mwalimu, mvua—"

"Tokeni wote. Acheni mabegi. Kimbieni bwaloni."

Walikimbia. Mimi nilitoka wa mwisho, nimepita upande wa ubao kwa makusudi, upumbavu mtupu, lakini nilihitaji kupita pale.

Mkuu alitukuta bwaloni tumelowa. Akanivuta pembeni. "Umeamka na nini leo? Kwa ushahidi gani?"

"Mkaguzi ni kaka yangu. Ameniambia nisisimame karibu na ule ukuta."

Akavua miwani. Nilingoja aseme habari za mgeni rasmi. Badala yake alikaa kwenye benchi na kusema kwa sauti ndogo, "Mwanangu wa kwanza anasoma mle." Kumbe nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mwanawe yumo darasani kwangu. Labda naye alikuwa amejisahaulisha.

Bwaloni kuna ubao wa kuandikia zamu za jikoni. Nilifuta zamu nikaandika: KITAMBAA. Nikawaeleza yote, paa, mkeka, beseni, na jinsi sauti ilivyokufa. Nikawaambia, "Wiki mbili zilizopita nilisema neno hili halisomeki. Lilisomeka. Ni neno la nyumbani kwetu."

Kisha Wakili akasimama, midomo inamcheza. "Na kwetu," alisema.

Hakuna aliyejua la kufanya. Akabaki amesimama, anatazama sakafu. Ndipo yule kijana wa utani wa sabuni akainuka, akazunguka meza, akakaa kwenye benchi la Wakili. Alikaa tu, akauacha wazi upana wa mtu mmoja katikati yao. Wakili alipokaa chini naye hakuijaza nafasi ile.

Baadaye aliniuliza kama yeye ndiye anayepaswa kupiga ile namba ya kuripoti rushwa iliyo chini ya waraka.

"Wewe ni mtoto. Nitapiga mimi, na nitaanza na wangu."

"Lakini baba nitamwambia mwenyewe," alisema. "Asisikie kwa watu."

Nimepiga saa nane. Mara ya kwanza nilikosea namba, nikampata muuza vigae.

Ijumaa, 4 Aprili

Wamekuja wahandisi kutoka wizarani. Mmoja alibandua bango letu, akachomeka bisibisi kwenye ukuta kwa mkono mmoja. Iliingia mpaka kwenye mpini. Akaigeuza, mchanga ukamwagika kwenye viatu vyake. Mkuu alikuwa kando yangu na sote wawili tulikuwa tunautazama ule mchanga.

Jengo limefungwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Kaka amesimamishwa kazi. Mkandarasi amehojiwa. Wakili amekuja shuleni, macho yamevimba, ameleta zoezi lake la methali. Nimelisahihisha hapo hapo.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimempigia mama. Hapokei.

Alhamisi, 17 Aprili

Hapokei. Kijana wa dukani, ambaye sijawahi kumsemesha, ameniambia hongera. Mwenye nyumba wangu ameniambia damu ni nzito kuliko maji. Wote wawili nimewajibu ahsante.

Jumapili, 27 Aprili

Mama amekuja. Bila simu, bila hodi, kalowa, mkononi ana mfuko wa nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sitaki kitu. Nipe chai." Akaketi. "Ya kunywa."

Hakuna aliyecheka. Nilimpa. Aliinywa yote kabla ya kusema neno, na mimi nilikaa nikiutazama uso wake nione nimeshapoteza nini. Alionekana mzee kuliko mwezi uliopita. Viatu vyake vilikuwa vile alivyobandika kaka.

"Ameniambia mwenyewe," alisema. "Jana. Yote. Na hicho kitambaa."

"Mama, mimi—"

"Nyamaza kwanza." Kikombe kiligonga sahani. "Eti mama ndiye aliyetufundisha. Ameniambia hivyo, mtu mzima, analia. Nilifundisha nini mimi?"

"Ulitandika kitambaa tukalala."

"Usiku! Nilitandika usiku, kwa sababu usiku mvua inanyesha na huwezi kupanda paani. Asubuhi mkishakwenda shule nilikuwa naazima ngazi kwa jirani, napanda na lami yangu, naziba. Bati likitoboka kwingine, napanda tena. Msimu mzima napanda. Hata mimba yako nilipanda nayo. Mnadhani nyumba ile ilisimama na nini?"

Nilikumbuka lami kwenye kucha zake. Tulikuwa tunamcheka, tunasema mama hanawi.

"Hukutuambia," nikasema.

"Ningewaambia ili iweje? Watoto wakijua mama yao yuko juu ya bati wanasoma nini darasani?"

Mvua ilikuwa imepungua. Niliuliza kama analisikia lile tone. Alisikiliza, kichwa ameinamisha upande kama kaka anavyofanya, kisha akasema ndiyo, na kwake pia lipo, tangu yule mtoto wa watu afe. Alikuwa hajui litokako.

Aliinuka akachungulia dirishani, kuelekea shuleni, ambako jengo lililofungwa linaonekana kati ya miti.

"Kitambaa nimewaonyesha," alisema. "Ngazi sikuwaonyesha."